Wasomi wa panya SUA na gunia la mkulima

Mkulima anapanda mahindi Jumatatu. Ijumaa anarudi shambani kuangalia kama yameanza kuota, anakuta vishimo vidogo vimefuatana mstari mzima, kana kwamba kuna mtu alipita akifukua kimoja baada ya kingine. Mbegu hazipo. Mvua inaendelea kunyesha, fedha za mbegu zimekwisha na msimu haumsubiri.

Kwa wakulima wengi nchini hali hiyo si ngeni. Anayefanya kazi hiyo usiku ni panya shamba, ambaye kitaalamu anaitwa Mastomys natalensis. Ni panya mdogo, lakini jike mmoja huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja, na chakula kikiwapo hazai mara moja tu.

Makadirio ya watafiti yaliyonukuliwa kwa miaka mingi yanaonyesha kuwa Tanzania hupoteza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yake kila mwaka kutokana na panya. Kwa mkulima anayetarajia magunia 20, asilimia 15 ni magunia matatu. Hayo ni magunia ambayo yangelipa ada ya mtoto au kununua mbolea ya msimu unaofuata. Mwaka wa mlipuko hasara hupanda zaidi, na wapo wanaolazimika kupanda upya shamba lote.

Ndiyo maana habari za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kuandaa kizazi kipya cha wataalamu wa panya si habari za wasomi peke yao. Zinamhusu mkulima, na zinamhusu pia mfanyabiashara mwenye ghala.

Kutoka stashahada hadi uzamivu

SUA ilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Mwaka 1970 kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye yakaongezwa masomo ya misitu na tiba ya mifugo, na Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki dunia Aprili 12 mwaka huo kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humo humo Morogoro.

Leo chuo hicho hakifundishi kilimo na mifugo tu. Katika Kampasi ya Solomon Mahlangu iliyoko Mazimbu zinafundishwa sayansi za msingi. Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge, kisha kuanzia mwaka 1978 ikawa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini chini ya chama cha ANC, hadi ilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992.

Huenda mkulima akauliza hesabu na baiolojia vinamsaidia nini shambani. Jibu moja limo katika kazi ya panya. Kujua kwamba panya wanakula mahindi hakuhitaji shahada. Lakini kujua ni mwaka gani watafurika, miezi kadhaa kabla hawajafurika, ni kazi ya sayansi, na kazi hiyo imefanyika Morogoro.

Miaka thelathini ya mitego

Utafiti wa panya Morogoro ulianza kushika kasi miaka ya 1980, kwa ushirikiano kati ya SUA na watafiti wa Ubelgiji. Miongoni mwa waliojenga fani hiyo ni Profesa Robert Machang'u, Profesa Rhodes Makundi, Profesa Apia Massawe na Profesa Loth Mulungu, pamoja na Herwig Leirs wa Chuo Kikuu cha Antwerp.

Kazi yao haikuwa ya maabara peke yake. Tangu mwaka 1994 katika eneo la SUA lipo shamba la utafiti la hekta 3 lenye mitego 300, mmoja kila baada ya mita 10. Mitego hiyo ni visanduku vinavyomkamata panya akiwa hai, na chambo chake ni siagi ya karanga iliyochanganywa na mahindi. Kila mwezi hutegwa kwa siku tatu mfululizo. Panya anayenaswa anapimwa uzito, anaangaliwa kama ni jike au dume na kama yuko tayari kuzaa, anawekwa alama, kisha anaachiwa palepale. Akinaswa tena mwezi unaofuata, watafiti wanajua kwamba bado yu hai, amekua kiasi gani na amesogea umbali gani.

Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini ikirudiwa mwezi baada ya mwezi kwa miaka thelathini inakuwa hazina. Ni maeneo machache sana barani Afrika yenye kumbukumbu ndefu namna hiyo kuhusu mnyama mdogo anayeharibu mazao. Mwaka 1997 matokeo yaliyotokana na panya waliokamatwa Morogoro yalichapishwa katika jarida la Nature, moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani.

Mvua ndiyo inayotangulia

Somo kubwa la mitego hiyo ni kwamba panya hawafuriki kwa bahati mbaya wala kwa mkono wa mtu. Wanafuata mvua.

Kwa kawaida panya shamba wa Morogoro huanza kuzaliana baada ya mvua za masika kushika, majani machanga yanapoota. Idadi yao huongezeka kuelekea mwisho wa mwaka, kisha hupungua chakula kinapokwisha. Lakini mvua za vuli zikianza mapema na zikiwa nyingi, hasa Novemba na Desemba, panya hupata chakula kizuri mapema na kuanza kuzaa kabla ya wakati wao. Watoto hao hukua upesi na wao wenyewe wakazaa ndani ya mwaka uleule. Hapo ndipo mlipuko unapotokea.

Maana yake ni kwamba kipimo cha mvua kinaweza kumwonya mkulima kabla hajaona kishimo hata kimoja. Mvua nyingi za mapema ni neema, lakini pia ni taarifa kwamba mitego iandaliwe.

Somo la pili linahusu sumu. Mara nyingi sumu hutafutwa panya wakiwa wameshajaa na wakulima wameshapiga kelele. Wakati huo sehemu ya mbegu imeshaliwa. Hata panya wengi wakifa, waliobaki huzaa upesi, na wengine huingia kutoka shamba la jirani au porini. Watafiti wanasisitiza kwamba kudhibiti panya mapema, wakiwa bado wachache, kuna faida kuliko kupambana nao wakiwa wengi.

Somo la tatu ni utayarishaji wa shamba. Utafiti wa SUA ulilinganisha mashamba yaliyolimwa kwa trekta na yale yaliyofyekwa na kuchomwa moto tu. Panya walikuwa wengi zaidi katika yale ya kufyeka na kuchoma. Kulima kwa kina huvunja mashimo yao na kuwaondolea maficho.

Si kila kilichojaribiwa kilifanikiwa kama ilivyotarajiwa. Wapo waliotumaini kwamba kuwasimikia bundi na mwewe miti ya kutulia shambani kungetosha kuwamaliza panya. Majaribio yaliyofanyika Morogoro hayakuonyesha kwamba ndege hao peke yao wanaweza kuzuia mlipuko. Hata hivyo, kumuua bundi kwa imani za uchawi ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

Kizazi kipya

Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa vituo 24 vya umahiri katika vyuo vikuu vya nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilipata vinne, viwili kati yake SUA. Kimojawapo ni kile cha mbinu bunifu za kudhibiti panya na teknolojia ya kutumia wanyama kunusa. Lengo la vituo hivyo lilikuwa kuandaa Waafrika wenye shahada za uzamili na uzamivu, watakaofundisha na kutafiti katika nchi zao badala ya kusubiri wataalamu kutoka nje.

Hilo la kunusa limeipatia Morogoro sifa duniani. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji, limekuwa likishirikiana na SUA kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania na kupelekwa Cambodia, ambako alibaini mabomu na baruti zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza. Alifariki Januari 2022.

Lakini kwa mkulima, kazi ya wataalamu wapya iko zaidi kwa yule panya mdogo wa shambani. Moja ya njia zilizofanyiwa utafiti SUA ni chambo chenye homoni zinazopunguza uwezo wa panya kuzaa, mojawapo ikiwa ni ile inayotumika pia katika vidonge vya uzazi wa mpango. Katika majaribio ya maabara, panya waliokula chambo hicho walizaa kidogo. Faida yake ni kwamba panya asiyezaa anaendelea kushika nafasi yake shambani, hivyo wageni hawapati mwanya wa kuhamia. Hata hivyo, hilo bado ni suala la utafiti, na mkulima asikubali kuuziwa chambo cha aina hiyo mitaani.

Swali lililobaki ni la mwendelezo. Fedha za miradi huja na kuondoka. Maprofesa walioanza kazi hii miaka ya 1980 umri wao umesogea. Mitego ile 300 inahitaji mtu wa kuitega mwezi ujao, na mwingine wa kuitega miaka kumi ijayo. Kazi ikisimama hata kwa msimu mmoja, pengo lake haliwezi kuzibwa baadaye, kwa sababu panya wa mwezi uliopita hawawezi kuhesabiwa leo. Kwa hiyo kila mhadhiri kijana anayepokea kazi hiyo analinda kumbukumbu ambayo mkulima anaitegemea bila kujua.

Mkulima na mwenye ghala wafanyeje?

Elimu hii haina faida ikibaki kwenye makabati ya chuo. Yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri.

Kwanza, mkulima afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mvua za vuli zikija mapema na nyingi, aanze kutega mapema na kumweleza ofisa ugani kabla ya msimu wa kupanda.

Pili, ulinzi mkubwa uwe siku za kupanda na takriban wiki mbili baada ya mahindi kuota. Huo ndio wakati panya hufukua mbegu na kukata miche. Mahindi yakishapita hapo hupata nafuu, hadi yanapokaribia kukomaa.

Tatu, shamba lilimwe vizuri na mipaka yake ifyekwe, maana vichaka vya pembezoni ndiyo nyumba ya panya.

Nne, majirani wapande kwa wakati mmoja na wategе pamoja. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini panya wengi humaliza shamba. Mkulima anayetega peke yake anasafisha uwanja kwa ajili ya panya wa jirani.

Tano, mwenye ghala asiangalie punje zilizoliwa tu. Mkojo na kinyesi cha panya huchafua nafaka, hushusha bei na huweza kuambukiza magonjwa, ikiwamo homa ya mgunda. Ghala liinuliwe kutoka chini, miguu yake ivishwe vikinga vya bati, magunia yawekwe juu ya chaga mbali na ukuta, na nafaka iliyomwagika ifagiliwe kila siku.

Sita, sumu inunuliwe kwa muuzaji anayetambulika, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) na iwe na maelezo kwenye pakiti. Sumu ya kupimiwa kwenye karatasi haijulikani nguvu yake. Inaweza kuua paka, kuku au mtoto kabla ya panya. Kamwe isiwekwe karibu na chakula au maji.

Kila Agosti maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, na SUA hushiriki. Wakulima wengi hupita mabanda wakitafuta mbegu na mashine. Safari ijayo, aliyefukuliwa mbegu msimu uliopita aulize pia lilipo banda la wataalamu wa panya, na aende na tarehe alizopanda, aina ya mbegu aliyotumia na siku mvua ilipoanza kunyesha shambani kwake. Taarifa hizo ndizo mtaalamu anazohitaji ili kumpa ushauri unaofaa.