Je, Wajua? Pikapu ya besi haina masikio

Pikapu tunayoisema hapa si ile ya kubebea mkaa. Ni kile kidude cheusi kilicho chini ya nyuzi za gitaa la besi: sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Haisikii sauti, inahisi chuma kikitikisika. Funga nyuzi za nailoni, upige mpaka vidole viote sugu, spika itakaa kimya.

Waya huohuo hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Mwaka 1957 watengenezaji wa magitaa Fender waliigawa pikapu ya besi yao ya Precision vipande viwili, kila kimoja na nyuzi zake mbili, sumaku na mizunguko ya kimoja ikigeuzwa kinyume cha mwenzake. Mvumo wa huku unafuta wa kule, muziki unabaki. Besi yao nyingine, Jazz Bass ya 1960, ina pikapu mbili; ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwishoni, hutoa sauti kavu, yenye ncha, na hapo ndipo wapigaji wa jioni baada ya kazi hubishana hadi chai ipoe.

James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alipiga Precision ya 1962 kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Alibana sponji chini ya nyuzi, karibu na daraja, na nyuzi zenyewe, nene na laini kuzigusa, hakupenda kabisa kuzibadilisha. Leo wapo wanaonunua pikapu mpya kila mara, wakiitafuta sauti iliyotoka kwenye nyuzi kuukuu.