Kamina: Kufuga sungura pamoja katika lupango moja, kuna hatari zake

Base ya Kamina, Haut-Lomami, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya vita kuu ya pili, ina nafasi kubwa. Familia ya mwanajeshi isiyo na pesa ya waya na misumari inaweza kufuga sungura pamoja katika lupango moja, bila vizimba. Jike hubeba mimba siku 31 tu. Lakini madume wawili hupigana hadi kuhasiana, basi abaki mmoja, naye atengwe jike akikaribia kuzaa. La sivyo atampa mimba tena siku ile ile. Adui mkubwa ni koksidiosi: matembele yakikanyagwa kwenye mavi, watoto wanaharisha na kufa kwa wingi. Majani yatundikwe juu. Ukuta nao ushuke ardhini, maana sungura huchimba, na mbwa wa jirani hasubiri.