Je, Wajua? Mlango Unapogoma Kufunga

Mlango ukianza kugoma, nyumba nyingi hufuata mojawapo ya njia mbili: kuubamiza kila siku mpaka kitu kivunjike, au kumwita fundi abadilishe kitasa kizima. Kabla hujaharibu kitasa au kutoa fedha, soma haya. Yapo matatizo ambayo mwenye nyumba aliye na bisibisi huyamaliza mwenyewe, na yapo yanayomhitaji fundi kwelikweli.

Mara nyingi kitasa hakina kosa

Je, wajua kwamba kitasa kinachoitwa kibovu mara nyingi ni kizima? Ulimi wake unatakiwa uingie kwenye tundu la bati lililofungwa katika fremu. Mlango ukishuka milimita 2 au 3 tu, ulimi hugonga ukingo wa bati na kurudi nyuma. Chanzo huwa bawaba ya juu. Ndiyo inayovutwa na uzito wa mlango usiku na mchana, na skrubu zake ndizo zinazotangulia kulegea.

Chaki itakuonyesha tatizo lilipo. Ipake kwenye ncha ya ulimi, funga mlango taratibu, kisha ufungue utazame alama kwenye bati. Alama ikiwa chini ya tundu, mlango umeshuka. Weka kabari chini ya mlango ili uzito usiielemee bawaba, halafu kaza skrubu. Skrubu ikizunguka bila kushika, tundu lake limepanuka. Ichomoe, jaza tundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, vikate visawazike na fremu, acha gundi ikauke, ndipo uirudishe. Kama ulimi bado unagusa kidogo, piga tupa ukingo wa chini wa tundu la bati. Tofauti ikiwa kubwa, lihamishe bati lenyewe badala ya kulikwangua mpaka liishe.

Ubao hunenepa, haurefuki

Je, wajua kwa nini mlango uliofunga vizuri wakati wa kiangazi hukwama wakati wa masika? Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana, lakini kwa urefu karibu hazibadiliki hata kidogo. Ubao mbichi ukikauka kabisa hupungua asilimia kadhaa kwa upana, ilhali kwa urefu hupungua kama asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Ndiyo maana mlango hukwama upande wa kitasa kabla ya kukwama juu.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mninga unasifika kwa kutochezacheza na hali ya hewa, na hiyo ni sababu moja ya mafundi seremala kuupenda kwa milango. Lakini mlango uwe wa mti wowote, usikimbilie kupiga randa katikati ya mvua, maana jua likirudi utabaki na mwanya. Ukilazimika kupiga randa, paka rangi au vanishi sehemu uliyoiacha wazi, kwa kuwa hapo ndipo unyevu utakapoingilia.

Mafuta ya kupikia hayafai

Je, wajua kwamba mafuta ya kula yanayotiwa kwenye tundu la ufunguo hulainisha kwa siku chache tu, kisha hunata, hukusanya vumbi na kukifanya kitasa kiwe kigumu kuliko mwanzo? Silinda, yaani sehemu ya kitasa inayozungushwa na ufunguo, hufurahia kilainishi kikavu. Unga wa grafiti unafaa, na grafiti hiyo imo ndani ya penseli. Sugua penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, ukiuzungusha. Wanaoishi pwani wafanye hivi mara kwa mara, kwa sababu hewa ya chumvi hushambulia springi na vyuma vya ndani.

Ulimi una upande wake

Je, wajua kwamba ulimi wa kitasa umekatwa mshazari upande mmoja kwa makusudi? Upande huo ndio unaogusa bati kwanza, ukasukumwa ndani, kisha springi ikaurusha tunduni. Ulimi ukifungwa kinyume, mlango hautafunga mpaka uushike mkono wa kitasa na kuukandamiza. Vitasa vingi vimetengenezwa ili ulimi uweze kugeuzwa, vifae mlango wa kulia na wa kushoto. Kwa hiyo kitasa kipya kikigoma siku ya kwanza, angalia ulimi kabla ya kukirudisha dukani.

Silinda yako ina babu wa mbao

Je, wajua kwamba kanuni iliyo ndani ya silinda ya mlango wako ilijulikana katika Misri na Mesopotamia ya kale? Makufuli yao yalikuwa ya mbao, na pini zake zilidondoka kwa uzito wake kuzuia komeo, mpaka ufunguo uzinyanyue zote kwa pamoja. Katika miaka ya 1860, Mmarekani Linus Yale Mdogo alisajili hataza za kitasa cha pini ndogo za chuma, zinazosukumwa na springi na kufunguliwa kwa ufunguo mwembamba wenye meno. Silinda nyingi za leo zinafuata mpango huo. Kila pini ina urefu wake. Ufunguo usio wake huacha angalau pini moja juu au chini ya mstari ambapo silinda huzungukia, na silinda haizunguki.

Kitasa kilichowashinda watu miaka 61

Je, wajua kwamba mwaka 1790 kampuni ya mtengeneza makufuli Joseph Bramah iliweka kufuli kwenye dirisha la duka lake huko London na kuahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo? Hakuna aliyeweza mpaka mwaka 1851, alipokuja fundi kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs. Alitumia saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, akalifungua. Mwaka huohuo alifungua kitasa mashuhuri cha Chubb kwa takriban dakika 25.

Hakuna kitasa kisichofunguka. Unaponunua kitasa kizuri, unanunua muda: dakika ambazo mwizi atalazimika kuhangaika mlangoni huku majirani wakimsikia.

Mwanafizikia na fundi

Je, wajua kwamba Richard Feynman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1965, alijifundisha kufungua makabati na makasha ya namba yaliyohifadhi siri alipofanya kazi Los Alamos wakati wa Vita vya Pili vya Dunia? Siku moja fundi wa huko alilifungua kasha kubwa la ofisa mmoja, na Feynman akatamani sana kujua alitumia mbinu gani. Walipozoeana, fundi alimweleza ukweli: alijaribu tu namba ambazo kasha hutoka nazo kiwandani. Feynman alipozijaribu kwenye makasha mengine, aligundua kwamba karibu moja kati ya matano lilikuwa bado na namba za kiwandani.

Ukifungiwa geti au kitasa cha namba, badilisha namba siku hiyohiyo. Hii ni kazi ya mwenye nyumba, wala haihitaji fundi.

Mfalme aliyependa vitasa

Je, wajua kwamba Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alikuwa na karakana ya vitasa katika jumba lake, na fundi wake mwalimu aliitwa François Gamain? Mapinduzi yalipopamba moto, Gamain alisaidia kujenga kabati la chuma la kuficha nyaraka za mfalme. Novemba 1792 fundi huyo akawafichulia wakubwa wapya lilipo. Nyaraka hizo zilitumika katika kesi ya mfalme, na Januari 1793 akauawa. Ustadi wa fundi wa vitasa hautoshi bila uaminifu wake.

Komeo na watoto 183

Je, wajua kwamba komeo moja lilichangia vifo vya watoto 183? Ilikuwa Juni 16, 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, Uingereza. Watoto walikimbilia chini kupokea zawadi, wakakuta mlango umekomewa ukiwa na nafasi ya kupita mtoto mmoja tu. Waliotangulia walikwama, na waliofuata wakawalalia. Baada ya msiba huo, Robert Alexander Briggs alibuni komeo linalofunguka mtu akilisukuma kutoka ndani, akapata hataza mwaka 1892. Milango ya dharura ya kumbi, shule na hospitali duniani kote inafuata wazo hilo.

Nyumba zetu zenye nondo madirishani na kufuli kubwa mlangoni zinahusika pia. Funguo za mlango wa kutokea zikae mahali ambapo kila aliye ndani anapajua na anapafikia gizani. Mlango wa dharura wa jengo la watu wengi usifanyiwe majaribio na yeyote asiye fundi.

Ni lini umwite fundi?

Je, wajua kwamba funguo zikipotea, mara nyingi si lazima ubadilishe kitasa kizima? Kama ni cha silinda, silinda peke yake inatosha. Pima urefu wake kabla ya kwenda dukani, au nenda nayo ile ya zamani.

Mwite fundi ufunguo ukikatikia ndani, springi ikivunjika ndani ya kitasa, mlango wa chuma ukihitaji kuchomelewa, au ukiwa umefungiwa nje. Muulize mapema gharama ni kiasi gani, na kama ataweza kufungua bila kutoboa. Kaa naye mpaka amalize, hesabu funguo zote za kitasa kipya mbele yake, na kile cha zamani kibaki kwako. Mweleze pia ulichokiona kwa chaki. Fundi mwaminifu atafurahi, na atakutoza kwa kazi iliyopo badala ya kitasa usichokihitaji.