Seva Imechukua Nakala Ipi?

Fundi anakuonyesha folda ya WEB-INF/lib: faili la JAR limo. Analifungua: klasi imo, na methodi inayotafutwa imo. Hata hivyo logi inaandika NoSuchMethodError na malipo ya wateja yamekwama. Nimeona watu wakipoteza siku nzima hapo, wakizima seva na kuiwasha tena, kwa kuwa wanauliza kama maktaba ipo. Ipo, ndiyo. Inafaa wajiulize seva imechukua nakala ipi.

Katika Java, klasi haitambuliwi kwa jina pekee, bali kwa jina pamoja na kipakiaji kilichoiingiza kwenye kumbukumbu. Ndani ya seva vipakiaji hivyo vimepangwa kama ukoo. Desturi ya Java ni mtoto kumuuliza mzazi kwanza. WebLogic hufuata desturi hiyo, mpaka uiagize vingine kwa prefer-web-inf-classes katika weblogic.xml. Tomcat huigeuza: programu ya wavuti hutafuta kwake kwanza, isipokuwa klasi za msingi za Java na za Servlet. Ndiyo maana programu nzima huhamishwa seva na kuanguka bila mtu kugusa mstari hata mmoja.

Basi usibahatishe. Washa seva kwa -verbose:class, au -Xlog:class+load=info kuanzia Java 9, kisha tafuta jina la klasi kwenye logi. Pembeni yake pameandikwa ilikotoka. Katika kisa cha yale malipo, njia iliishia kwenye folda ya pamoja ya seva, ambako toleo kuukuu la maktaba ileile lilikuwa limewekwa zamani kwa ajili ya programu nyingine. Hatukulifuta ovyo, tulilihamishia ndani ya programu iliyolihitaji.

Kosa linalowachanganya watu zaidi ni ClassCastException inayodai klasi haiwezi kugeuzwa kuwa klasi yenye jina lilelile. Hapo nakala mbili zimepakiwa na vipakiaji viwili, na kwa Java hizo ni klasi mbili tofauti. Tangu Java 11 ujumbe huo hutaja vipakiaji vyote viwili, kwa hiyo usome mpaka mwisho. Bakiza nakala moja. Ikiwa ni ile ya seva, iandike provided kwenye Maven isifungashwe tena.

Ila kama jina linalokosekana linaanza na javax.servlet na umetoka Tomcat 9 kwenda 10, hakuna kilichopotea: majina yamehamia jakarta.servlet. Ukiongeza JAR ya zamani, klasi itapatikana lakini Tomcat haitaitambua kuwa servlet. Badilisha msimbo, au weka programu kwenye folda ya webapps-javaee, Tomcat yenyewe iigeuze.