Mchakamchaka na Hofu ya Mtihani

Askari hufundishwa mchakamchaka tangu siku yake ya kwanza kambini. Lakini je, ni wazazi wangapi wanaotambua kwamba mbio hizohizo zaweza kumfaa kijana wao aliyeko chuo kikuu?

Hali ya mwanafunzi anayeukabili mtihani yajulikana. Hukesha na vitabu hadi usiku wa manane, moyo humwenda mbio, usingizi humpaa, na alichokisoma jana leo hakikumbuki. Nyumbani huambiwa asipoteze wakati viwanjani. Shauri hilo ni la upendo, lakini lina kasoro.

Akimbiaye huuzoesha mwili wake mapigo ya kasi na pumzi za haraka, nazo ndizo dalili zimtishazo katika chumba cha mtihani. Akisha kupumzika, misuli hulegea na usingizi huja kwa wepesi. Na ni katika usingizi ndipo ubongo huyahifadhi mafunzo ya mchana. Wataalamu wamethibitisha kwamba mazoezi hupunguza wasiwasi. Kuhusu alama za mitihani, ushahidi wao si mzito kiasi hicho, kwani mbio hazimfundishi mtu somo asilolisoma.

Wakazi wa Bujumbura waliyajua hayo kwa kuyaishi. Katika miaka ya vita vilivyoanza mwaka 1993, wengi walikimbia kwa makundi ili kuondoa mashaka, na desturi hiyo ikaota mizizi. Mwezi Machi 2014 serikali ya wakati huo, ikihofia hila za kisiasa, ilipiga marufuku mbio za makundi mitaani na kuzitengea viwanja maalumu.

Hata hivyo, kundi si sharti. Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi imejengwa penye mwinuko, na mwanafunzi aupandaye kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, tayari amefanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa uchache.

Ikiwa hofu yamzuia kijana kula au kulala kwa majuma kadhaa, apelekwe kwa daktari. Vinginevyo, mzazi amwonapo akivaa viatu vya mbio jioni, asimwite mvivu. Nusu saa hiyo haikuibwa vitabuni.