Saida Alikubali au Alikubalishwa?

Wiki hii huku Jambiani barazani hapakuzungumzwa mpira. Ubishi ulikuwa wa mapenzi, na mchokozi ni mie, niliyewasimulia washikaji riwaya ya Gravel Heart ya mwaka 2017. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwenzetu aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Kisa ni hiki. Unguja, miaka ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Saida ana mume, Masud, na mtoto mdogo, Salim. Nduguye, Amir, anatiwa ndani. Kigogo mmoja anasema atamtoa, ila bei yake ni mwili wa Saida. Saida analipa, Amir anatoka.

Masud hapigi kelele. Anahama kimya kimya, akaishi kwenye chumba cha nyuma ya duka. Kila siku mkewe humpelekea chakula. Salim akishakua, kazi hiyo inakuwa yake, na hakuna anayemwambia kwa nini baba haishi nyumbani. Jamani, kilichonikamata mie si kitanda cha kigogo, ni chakula kile! Mapenzi yapo, lakini hayana tena pa kulala.

Mshikaji mmoja akaropoka: "Si alikubali mwenyewe?"

Bibi mmoja aliyekuwa akirudi na mwani wake akasimama. "Mwanangu, mwenye ufunguo wa jela haombi, anaamuru."

Kimya!

Kisa hicho kina babu yake. Jina la kitabu limetoka kwenye Measure for Measure, mchezo wa Shakespeare. Humo Isabella anatakiwa alipe bei hiyo hiyo ili kaka yake asiuawe. Anakataa, na mtawala aliyejificha anawaokoa kwa hila. Saida hana mtawala wa kumwokoa. Watawala ndio hao hao.

Wala si porojo za vitabuni tu. Mwaka 1970, hapa hapa Unguja, wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi.

Sasa hebu tujiulize, vijana. Bosi mwenye ajira mkononi, au mwalimu mwenye maksi, akitaka mwili kwanza, ile "ndiyo" ya binti ni ndiyo kweli? Mie niko upande wa yule bibi. Saida hakukubali. Alilipa.