Mkulima, tunza kadi ya hospitali kama unavyotunza kitabu cha maziwa

MJOMBA wangu ana kitabu cha maziwa tangu ajiunge na chama cha ushirika. Muulize alipeleka lita ngapi Machi mwaka juzi, atakujibu bila kukuna kichwa. Lakini kadi za zahanati alikotibiwa bawasiri kwa miezi 14 ziliishia kuwashia moto jikoni.

Kila alipoeleza kuwa anaona damu akienda choo, alipewa dawa ya kupaka na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyemkagua wala kumtuma akapimwe utumbo kwa kamera. Alipokonda na kuishiwa damu, hospitali nyingine ilimpata na saratani ya utumbo mpana, tayari imefika kwenye ini.

Ng'ombe watatu kati ya wanne waliuzwa ili afanyiwe upasuaji. Kila mmoja alitoa lita 10 kwa siku. Kwa bei ya Sh40 kwa lita, hizo ni Sh36,000 kwa mwezi. Ukiondoa nusu, ambayo ni gharama ya chakula, dawa na kibarua, boma linapoteza faida ya Sh18,000 kila mwezi.

Je, anaweza kudai fidia? Sheria ya Kenya inamruhusu, lakini kazi ipo. Lazima athibitishe mambo matatu: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa kumtibu kwa uangalifu, kwamba alifanya pungufu ya ambayo mhudumu mwenye ujuzi kama wake angefanya, na kwamba uzembe huo ndio uliomletea madhara.

Hili la tatu huwaangusha wengi. Mwaka 2005, mahakama ya juu zaidi ya Uingereza wakati huo ilikataa dai la mgonjwa wa saratani ya aina nyingine aliyecheleweshwa miezi tisa. Uwezekano wake wa kupona ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Majaji watatu kati ya watano walisema kuwa hata bila kucheleweshwa, uwezekano wa kupona haukufika nusu. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila maamuzi ya huko huwa na uzito hapa.

Kwa saratani ya utumbo, hoja hii inaweza kumsaidia mgonjwa. Ikigunduliwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, wengi hupona kwa upasuaji. Ikishafika kwenye ini, ni wachache. Kwa hivyo daktari bingwa atahitajika kueleza ugonjwa ulikuwa umefika wapi siku ya kwanza mgonjwa alipolalamika. Ataeleza kwa kusoma nini, kama kadi zilichomwa?

Muda nao haungoji. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Ukiishtaki Serikali, ni miezi 12 pekee. Aliyechelewa kwa kutojua ukweli anaweza kuomba ruhusa ya mahakama, lakini usitegemee hilo. Malalamishi dhidi ya daktari pia hupelekwa kwa baraza la KMPDC, lenye uwezo wa kumwadhibu.

Kuhusu pesa, gharama za matibabu zinahitaji risiti. Kwa mapato, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2005 kuwa stakabadhi si njia pekee ya kuyathibitisha. Hata hivyo, kitabu cha maziwa huongea kuliko shahidi. Kumbuka kuondoa gharama, kwani hasara yako ni faida uliyokosa, si mauzo yote.

Wakili alikipekua kitabu cha mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Na wapi palipoandikwa kuwa ulisema kuna damu?" Mjomba akanyamaza.

Sasa ameiandikia zahanati barua kudai nakala za rekodi zake, kwa haki ya kupata habari iliyo katika Kipengele cha 35 cha Katiba ya 2010. Anasubiri jibu, na miaka mitatu inahesabika.

Mkulima mwenzangu, nunua daftari la pili. Andika tarehe, ulichomwambia daktari na dawa uliyopewa. Na ukiona damu kwa wiki kadhaa, usikubali dawa ya kupaka kabla ya kukaguliwa. Hakuna fidia itakayomshinda ng'ombe ambaye hukumuuza.